Nafasi ya Mtoto Mdogo katika Ibada ya Wayahudi

Katika dini ya Kiyahudi mvulana huhesabiwa kuwa mtu mzima atimizapo miaka 13, na msichana, kwa desturi ya kale, atimizapo 12. Kabla ya hapo sheria haimlazimishi kusali, wala hahesabiwi miongoni mwa watu kumi ambao bila wao baadhi ya sala za pamoja haziwezi kusomwa. Hata hivyo, hakuwahi kufungiwa mlango. Kumbukumbu la Torati 31:12 huagiza wanaume, wanawake na watoto wakusanywe kila mwaka wa saba kusikiliza Torati, na katika Talmudi, yaani mkusanyiko wa mafundisho ya marabi, Rabi Eleazar ben Azaria aeleza kwamba watoto huletwa ili wale wanaowaleta wapate thawabu. Wafuasi wa mwalimu wa kale Hillel, walipobishana na wafuasi wa mwalimu mwenzake Shammai kuhusu mtoto anayepaswa kuhudhuria hekaluni kwenye sikukuu, hawakutaja umri: walimtaja yule awezaye kupanda Mlima wa Hekalu kutoka Yerusalemu akiwa ameshikwa mkono na baba yake.

Kukaribishwa huku kwa watoto huonekana wazi zaidi siku ya Simhat Tora, sikukuu ya kumaliza na kuanza upya mzunguko wa kusoma Torati, ambapo magombo ya Torati hutolewa na kuzungushwa kwa nyimbo huku watoto wakifuata na vibendera. Kisha watoto wote huitwa jukwaani pa kusomea. Watu wazima huwatandazia juu ya vichwa shali kubwa ya sala, wakiishika pembe zake, na mkubwa mmoja hutamka baraka pamoja nao, ilhali siku za kawaida heshima ya kuitwa jukwaani ni ya watu wazima.

Hata hivyo, kelele za watoto katika sinagogi zimelalamikiwa tangu zamani. Rabi Isaya Horowitz, aliyefariki katika karne ya 17, aliwakemea wazazi waliowaleta watoto wadogo mno, wakacheza na kuwavuruga wanaosali, na hoja yake ina uzito, kwa kuwa mtoto aliyezoea kuichezea sinagogi si rahisi kuiheshimu baadaye. Ndiyo maana sinagogi nyingi za Marekani huandaa ibada fupi za Sabato kwa watoto ambao hawajaanza shule, zenye nyimbo, hadithi na magombo ya kitambaa. Ibada hizo zinafaa, lakini mtoto asiyetoka kamwe katika chumba cha ibada hizo atafika siku moja katika ukumbi mkuu akiwa mgeni.

Zaidi ya kumpa mtoto kiti, inafaa kumpa kazi halisi. Katika sinagogi nyingi za Waashkenazi, yaani Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki, ibada ya asubuhi ya Sabato inapokaribia kwisha, mtoto husimama mbele ya kabati la magombo lililofunguliwa na kuongoza utenzi wa Anim Zemirot, akisoma ubeti mmoja na wazee wakimjibu kwa unaofuata.