Kalemie–Lubumbashi kwa ndege: kilometa 660, lakini masaa mangapi?

Mgonjwa anapelekwa Lubumbashi kutibiwa, ama kisanduku cha mikebuka na barafu kinatumwa kwa jamaa kule. Hapa Kalemie swali la kwanza huwa ni lile lile: ndege itatumia masaa mangapi?

Kutoka uwanja wa Kalemie mpaka ule wa Luano, Lubumbashi, kuna karibu kilometa 660. Hiyo ni hesabu ya mstari ulionyooka, kama vile mtu amevuta kamba toka mji mmoja mpaka mwingine. Reli haina bahati hiyo: inatoka ziwani, inakwenda magharibi mpaka Kabalo, ndipo inashuka kwa kupitia Kamina.

Masaa yanategemea ndege yenyewe. Jeti inayokimbia kilometa 800 kwa lisaa itatumia lisaa limoja na dakika kidogo, pamoja na kupanda na kushuka. Ndege ya propela ya kilometa 500 kwa lisaa itatumia karibu lisaa limoja na nusu. Kindege kidogo cha kilometa 300 kitapita masaa mawili.

Tena kuna kusimama njiani. Kwa kupitia Manono, safari inakuwa karibu kilometa 740. Zile 80 zilizoongezeka ni kama dakika kumi tu angani kwa ndege ya propela. Lakini kutua, kushusha mizigo, kupakia mingine na kuruka tena kunaweza kula lisaa zima. Anayetuma samaki anunue barafu ya lisaa hilo pia, asihesabu kilometa peke yake.

Safari ya Kinshasa ndiyo inachanganya watu zaidi. Moja kwa moja ni karibu kilometa 1,540. Kwa kupitia Lubumbashi zinafika karibu 2,200, bado kuhesabu kungojea ndege ya pili. Halafu saa yenyewe inabadilika, maana Kalemie na Lubumbashi ziko lisaa limoja mbele ya Kinshasa.

Tuseme jeti imeondoka Kalemie moja kwa moja 10:00, yaani saa nne asubuhi, na imeruka masaa mawili na robo. Kwa saa ya Kalemie ni 12:15. Kinshasa kule ni 11:15. Ndugu aliyeambiwa kwa simu “watafika saa sita na robo” atakuja kumpokea mgonjwa lisaa zima baada ya ndege kutua, na mgonjwa amekaa nje na mizigo yake. Tiketi huandika saa ya kila mji: ya kuondoka ni ya mji wa kuondokea, ya kufika ni ya mji wa kufikia. Kwa hiyo, anayepiga simu amsomee ndugu ile ya kufika kama ilivyoandikwa, asianze kujumlisha mwenyewe.

Kurudi ni kinyume. Ukiondoka Kinshasa 10:00 kwa ndege ile ile, utatua Kalemie 13:15. Wengine wanasema ndege ilikuwa ya pole. Hapana, ni masaa mawili na robo yale yale.