Gharama ya Kilo Moja ya Chai Nyamira

Kila bonasi inapotangazwa, mkulima wa chai wa Magwagwa, Nyamira, hulinganisha malipo yake na ya wenzake wa Kirinyaga na Murang'a, kisha huuliza pesa zake zimeishia wapi. Viwanda vya KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo nchini Kenya, vilivyo magharibi mwa Bonde la Ufa, vikiwemo Sanganyi, Kebirigo, Tombe na Gianchore, kwa kawaida hulipa chini ya vile vya mashariki. Bei za mnada wa Mombasa zinaeleza sehemu ya pengo hilo. Sehemu nyingine imo ndani ya kiwanda chenyewe.

Kipimo kinachopendwa cha ufanisi wa kiwanda ni gharama ya kusindika kilo moja ya chai kavu. Kipimo hicho kikisimama peke yake kinapotosha.

Tuchukue viwanda viwili vya kubuni, kila kimoja kikitumia shilingi milioni 160 kwa mwaka kulipa mishahara ya kudumu, bima na uchakavu wa mitambo. Kimoja kinatoa kilo milioni 2 za chai kavu, kingine milioni 4. Cha kwanza kinabeba shilingi 80 kwa kilo, cha pili 40, hata kama mameneja wao ni hodari sawasawa. Ndiyo maana majani yanayouzwa kwa wachuuzi kando ya barabara humwumiza pia mkulima aliyebaki mwaminifu kwa kiwanda chake: mzigo uleule unagawanywa kwa kilo chache.

Takwimu hutenganisha uchache wa majani na udhaifu wa uongozi. Mchambuzi hukusanya hesabu za viwanda vingi kwa miaka kadhaa, kisha hukadiria gharama inayotarajiwa kwa kiwanda chenye kiasi fulani cha majani, bei fulani ya umeme na aina fulani ya kuni. Kinachozidi hapo ndicho cha kuhojiwa. Njia nyingine, iliyoasisiwa na M. J. Farrell mwaka 1957 na kuendelezwa na Charnes, Cooper na Rhodes mwaka 1978, hupima kila kiwanda dhidi ya vile vinavyotoa mazao mengi zaidi kwa rasilimali zilezile.

Kuni zinastahili kuangaliwa kwa makini. Mikaratusi ikiingia boila ikiwa mbichi, joto jingi huishia kukausha maji yake kabla ya kukausha chai. Banda la kuanikia na mizani ya kupima kuni kila zamu vingeonyesha upotevu huo.

Takwimu za gharama na za kuni, kiwanda kwa kiwanda, zinafaa kusomwa katika mkutano mkuu wa wakulima kabla ya wakurugenzi kuomba kura.