Je, Wajua? Sintesaiza Inayokokotoa Uzi, na Shaba ya Lubumbashi

Je, wajua kuwa ipo sintesaiza isiyohifadhi sauti hata moja ndani yake? Vinanda vingi vya umeme unavyovisikia kanisani na harusini Lubumbashi vimebeba sauti za kurekodiwa: mtu alipiga piano studio, ikanaswa, na leo ukibonyeza unarudishiwa kilichonaswa. Sintesaiza ya kuiga maumbile haina ghala la namna hiyo. Ina hesabu tu: uzi una urefu gani, umekazwa kiasi gani, umeguswa wapi, unapoteza nguvu upesi au polepole. Ukibonyeza, chipu inakokotoa mtetemo papo hapo, maelfu ya mara kwa sekunde. Ndiyo maana ukigonga noti ileile mara mbili hupati nakala mbili zinazofanana. Uzi ulikuwa bado unatetema ulipougonga tena, na hesabu inalijua hilo.

Hesabu yenyewe ni ya zamani. Mfaransa Jean le Rond d'Alembert aliandika mlinganyo wa uzi unaotetema mwaka 1747. Muziki wa kompyuta ulikuja kuutumia zaidi ya miaka 200 baadaye, Lejaren Hiller na Pierre Ruiz walipochapisha kazi yao mwaka 1971.

Je, wajua kuwa koo la binadamu liliigwa kabla ya gitaa? Mwaka 1961, katika maabara za Bell huko Marekani, John Kelly na Carol Lochbaum waliifanya kompyuta ya IBM iimbe wimbo "Daisy Bell". Koo na kinywa walivichukulia kuwa mabomba mafupi yaliyounganishwa, kila kipande na upana wake, na hewa ikipita humo kwa hesabu. Max Mathews ndiye aliyetengeneza muziki wa kuusindikiza.

Je, wajua jinsi uzi wa gitaa unavyoweza kupatikana kwa kutoa wastani tu? Kevin Karplus na Alex Strong wa Chuo Kikuu cha Stanford walilieleza hilo mwaka 1983, na mpaka leo sijaona ufundi wa sauti unaotoa matokeo makubwa hivyo kwa kazi ndogo hivyo. Chukua namba 100 za kubahatisha, zipange foleni kama watu kisimani. Ya kwanza inatoka na kwenda kwenye spika. Kisha unaichanganya na inayoifuata, unapata wastani wao, na wastani huo unarudi kusimama mwisho wa foleni. Rudia hivyo mara 44,100 kwa sekunde. Foleni ya namba 100 inazunguka takriban mara 440 kila sekunde, na hiyo ndiyo noti ya "la" ambayo wapiga vyombo huitumia kupatanisha sauti. Ukitaka noti ya chini, refusha foleni. Ukitaka ya juu, ifupishe, sawasawa na kidole kinavyofupisha uzi kwenye shingo ya gitaa. Zile namba za kubahatisha mwanzoni zinasikika kama mkwaruzo wa ukucha. Kila wastani unalainisha kidogo, sauti kali zinakufa kwanza, nzito zinabaki. Uzi halisi hufa hivyohivyo. Hakuna aliyeiambia hesabu ifanane na gitaa. Inafanana kwa sababu inapoteza nguvu kwa njia ileile.

Sasa twende kwenye gitaa halisi, Likasi, kilomita 120 hivi kutoka Lubumbashi. Mwaka 1952, mji ukiitwa bado Jadotville, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi hapo kijana wa Bunkeya aliyeitwa Mwenda Jean-Bosco, na moja ya nyimbo alizonasa ni "Masanga". Mwenda alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu. Gumba linatembea kwenye nyuzi za chini, shahada inajibu juu, na masikio yanasikia magitaa mawili. Mtaalamu David Rycroft alichambua upigaji wake noti kwa noti mwanzoni mwa miaka ya 1960. Noti, hata hivyo, ni nusu ya habari. Mahali kidole kinapougusa uzi hubadilisha rangi ya sauti: ukiudonoa katikati kabisa, sauti zote za juu zenye namba shufwa, yaani ya pili, ya nne, ya sita, zinanyamaza, na unapata mlio wa mviringo, mtupu kidogo. Ukisogea karibu na daraja la gitaa zinarudi zote, na mlio unakuwa mkali, wa madini. Kinanda cha sauti zilizorekodiwa kimefungwa pale alipodonoa aliyerekodiwa. Sintesaiza ya kuiga maumbile ina kitufe kinachosogeza mahali hapo huku uzi ukiendelea kulia.

Je, wajua jambo la kwanza linalomshangaza mtu anayeishika mashine ya aina hii? Chukua Elements, iliyobuniwa Paris na Émilie Gillet wa Mutable Instruments mwaka 2014. Haina kibodi wala orodha ya "piano, filimbi, fidla". Upande mmoja una vitufe vya kuzungusha vya njia tatu za kukiamsha kitu: kusugua kwa upinde, kupuliza, kugonga. Upande wa pili ni kitu kinachopokea: umbo lake, ung'avu wake, kinazimika upesi kiasi gani, kinaguswa wapi. Hapo unaanza kufanya mambo ambayo mikono haiwezi. Unapuliza sahani ya chuma. Unasugua kengele kwa upinde. Unazungusha umbo taratibu, na kitu kilichokuwa uzi kinakuwa ubao, kisha kengele, bila kukatika. Ndani yake, machujio 64 yanatetema pamoja, kila moja likibeba sehemu yake ya mlio, na yote yanaendeshwa na chipu ya megahezi 168. Kwangu mimi, kugonga na kusugua kwake kunaridhisha tangu dakika ya kwanza. Kupuliza kunahitaji subira, maana pumzi hubadilika kila wakati, na kitufe kilichotulia mahali pamoja hakipumui.

Yamaha walilijua tatizo hilo mapema. VL1 yao ya mwaka 1994, iliyotokana na utafiti wa Julius Smith wa Stanford, ilitumia kifaa cha kupulizia mdomoni, na iliweza kutoa noti mbili tu kwa pamoja. Korg Prophecy ya mwaka uliofuata ilitoa moja. Watu wenye vidole kumi waliziona chache, na wengi wakazipita. Nadhani walizipima kwa kipimo kisicho chake: mpiga saksafoni hutoa noti moja, na hakuna anayemdai ya pili. Osmose ya kampuni ya Expressive E imelikabili jambo hilo kwa njia nyingine. Vibao vyake 49 husogea pia kushoto na kulia chini ya kidole, hivyo kila noti inatikiswa peke yake.

Je, wajua kuwa unaweza kulipuliza kama filimbi bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines? Kwenye mashine tu. Bomba lile linalosimama karibu na kilima cha takataka za shaba Lubumbashi lina urefu wa mita 153. Bomba lililo wazi pande zote mbili, la urefu huo, lingetetema mara moja hivi kwa sekunde. Sikio la binadamu huanzia kama mara 20. Lakini hesabu haijali ukubwa. Weka urefu huo, puliza, na ingawa noti ya msingi hutaisikia, utasikia sauti zake za juu zikirundikana moja juu ya nyingine.

Sasa likembe, ala ya ndimi za chuma, na hapa ndipo ningeipima mashine yoyote ya aina hii. Uzi ni mpole: sauti zake za juu ni mara 2, mara 3, mara 4 ya ile ya chini. Ulimi wa chuma uliobanwa upande mmoja haufuati mpangilio huo. Sauti yake ya pili iko kama mara 6.27 ya kwanza, ya tatu kama mara 17.5. Ndiyo sababu mlio wa likembe una tone la chini lililo wazi na mng'ao wa mbali juu yake, pasipo kitu katikati. Hilo sintesaiza inaliweza vizuri sana, maana umbo ni namba ya kuzungusha tu. Linaloishinda mwanzoni ni mvumo. Fundi wa likembe huzungushia ndimi pete za waya, au hupigilia vizibo vya soda ubaoni, ili kila noti ije na mkwaruzo wake. Kwa mpigaji, sauti isiyo na mkwaruzo huo haijakamilika. Kwa hesabu, mkwaruzo ni kazi nzito: pete inagonga, inaachia, inagonga tena, na kila mgongano unavunja ulaini wa mlinganyo. Watengenezaji wengi hutoa kiwandani milio safi, iliyopanguswa. Mtu aliyelelewa na likembe ataisikia na kuona kuna kitu kimepungua, na yuko sahihi. Dawa yake ni kuipitisha sauti kwenye kipaza sauti kilichozidiwa, au kuongeza kelele kidogo pale inapogongwa.

Mingiedi Mawangu aliifahamu dawa hiyo mapema. Kundi lake la Konono N°1 la Kinshasa lilitia likembe umeme kwa vinasa sauti vilivyoundwa kwa sumaku za magari chakavu, na mkwaruzo wa vipaza sauti ukawa sehemu ya muziki wenyewe. Albamu yao "Congotronics" ilitoka mwaka 2004. Mwanamuziki Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1978, aliwaita wampigie kwenye "Karibu ya Bintou".

Je, wajua ni kiasi gani cha Katanga kimo ndani ya gitaa? Nyuzi nene za gitaa kavu huviringishiwa waya, na aina moja iliyoenea ni ya shaba asilimia 80 na zinki asilimia 20. Shaba ni ya ukanda huu wote, na zinki inachimbwa Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi. Gitaa la umeme linaongeza madini ya tatu: sumaku za Alnico zilizo chini ya nyuzi zina kobalti, karibu robo ya uzito wake kwa aina ya Alnico 5, na juu yake maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba wa shaba. Sintesaiza nayo, njia zote za umeme kwenye bodi yake ni shaba.

Na ufundi wa kuviringisha waya haukuletwa Katanga na gitaa. Wayeke, watu wa Msiri aliyetoka Unyamwezi na kutawala Bunkeya hadi alipouawa mwaka 1891, walivuta shaba mpaka ikawa udodi mwembamba, wakauzungushia nyuzi za mimea au nywele za wanyama kufanya bangili. Chukua uzi wa sita wa gitaa uutazame kwa karibu: kiini ndani, waya wa shaba umejikunja juu yake, mzunguko kando ya mzunguko. Mwenda naye alikuwa Myeke.

Je, wajua kuwa Elements huhitaji kuinunua? Mutable Instruments ilifunga shughuli zake mwaka 2022, lakini Gillet alikuwa ameachia michoro ya bodi na programu yake wazi kwa yeyote. Fundi mwenye chuma cha kulehemu na uvumilivu anaweza kuijenga. Mwenye kompyuta tu anaweza kupakua VCV Rack, programu ya bure, na kuiongeza humo ikiwa na vitufe vyake vyote. Ukiifungua, funga upinde na pumzi, acha kugonga peke yake. Sogeza umbo kwenye eneo la ubao, punguza muda wa kulia, kisha hamisha mahali pa kugonga kutoka ukingoni kwenda katikati, pole pole, huku ukirudia noti moja. Vaa spika za masikioni. Kwenye spika ya simu, nusu ya mabadiliko hayo haisikiki.