Mtoto aone kwanza, ndipo aandike: somo kutoka Uccle

Barua za wajukuu walioko Ulaya siku hizi zinafanana kama pacha. "Bibi, assalamu alaykum. Mimi sijambo. Skuli ni nzuri. Hali ya hewa ni baridi. Nakupenda sana." Bibi wa Muscat au Dubai anaisoma, anafurahi, anasema masha Allah, kisha hana la kuuliza. Kosa la Kiswahili hamna, ila mtoto mwenyewe hayumo ndani ya barua. Ungefuta jina lake chini ukaandika la mtoto wa jirani, hakuna ambaye angejua.

Wazazi wenzangu, jambo hili si dogo. Mtoto akizoea kuandika maneno ambayo mtoto yeyote angeweza kuyaandika, baada ya miaka miwili mitatu haoni sababu ya kuandika. Kiswahili chake kinabaki cha kuitikia tu: naam, ndio, nimekula. Baadaye hata hicho kinakwenda.

Nimesomesha insha kwa miaka mingi katika skuli ya sekondari ya misheni kule pwani. Sasa nimestaafu, na nikienda Ulaya nafikia Uccle kwa wajukuu. Uccle, au Ukkel kwa Kiholanzi, ni moja kati ya manispaa 19 za Brussels, upande wa kusini, yenye wakaazi zaidi ya 80,000. Ni mahali pa miti, bustani na mvua nyepesi isiyokwisha. Taasisi ya kifalme ya hali ya hewa iko huko, na vipimo vya Uccle ndivyo Wabelgiji wanavyovitazama wakitaka kujua mwaka huu umekuwa baridi au joto kuliko uliopita.

Hapo pia ipo Skuli ya Ulaya ya Brussels I, ambako watoto wa watumishi wa Umoja wa Ulaya husoma kwa Kifaransa, Kiingereza, Kijerumani, Kihispania na lugha nyenginezo za Ulaya, na nia yake ni kila mtoto asome kwa lugha ya kwao kadiri inavyowezekana. Kiswahili hakimo, na hatuwezi kuwalaumu. Maana yake ni kwamba kwa familia zetu darasa la Kiswahili ni meza ya jikoni, na mwalimu ni mama, baba, shangazi au bibi kwenye simu.

Bahati nzuri, Uccle imetuachia jambo la kutusaidia. Mwaka 1932 alifariki hapo daktari mmoja, Ovide Decroly, mzaliwa wa mji wa Ronse mwaka 1871. Decroly alianza na watoto ambao wengine walishawakatia tamaa. Mwaka 1901 aliwafungulia taasisi yao mjini Brussels. Mwaka 1907 akafungua skuli ya watoto wa kawaida, École de l'Ermitage. Alitaka skuli imwandae mtoto kwa maisha, tena kwa kupitia maisha yenyewe. Skuli yenye jina lake bado inasomesha hapo Uccle.

Njia yake ina hatua tatu. Ya kwanza ni kuangalia: mtoto anakishika kitu chenyewe, anakinusa, anakipima. Ya pili ni kuhusisha: anakifungamanisha na vitu vya mahali pengine na wakati mwengine. Ya tatu ni kueleza: kwa kuchora, kufinyanga, kusema, kusoma na kuandika. Kuandika kunakuja mwisho, baada ya mtoto kuwa na kitu cha kusema.

Tazama hatua ya pili vizuri. Kukihusisha kitu na kitu chengine ndiyo kazi ya tashibihi na sitiari. Sisi tuliosomeshwa insha zamani tulianzia upande wa pili. Tulipewa orodha: mpole kama kondoo, mwembamba kama sindano, mweupe kama theluji. Tukazihifadhi, tukazimwaga kwenye mtihani. Mtoto wa pwani aliandika "mweupe kama theluji" naye hajaiona theluji hata siku moja. Leo mjukuu wake wa Uccle anaandika "mrefu kama mnazi", naye hajasimama chini ya mnazi akatazama juu. Wote wawili wameazima macho ya watu.

Huyo wa Uccle theluji anaijua. Anajua kwamba siku ya kwanza ni nyeupe, siku ya pili kando ya reli ya tramu imeshakuwa ya kijivu, imelowa kama mkate uliodondokea kwenye chai. Hilo hakulipata kwenye orodha yoyote. Amelipata kwa macho yake, na bibi wa Muscat akilisoma ataiona theluji.

Basi hebu tujaribu nyumbani. Vuli, njia za Uccle hujaa matunda ya mti mmoja mkubwa: ganda la kijani lenye miiba, na ndani yake kokwa la kahawia linalong'aa. Mwambie mtoto aokote moja, aliweke mezani, na asiandike kitu kwanza. Muulize: linachoma? Lina uzito gani? Ndani lina rangi gani? Kisha uliza swali moja tu: "Linakukumbusha nini?" Nyamaza, umngoje. Aliyewahi kwenda Unguja likizo anaweza kusema ganda ni kama shokishoki. Hiyo tayari ni tashibihi. Ukimuuliza tofauti ni nini, atakwambia shokishoki ni laini, hili linachoma. "Basi hili ni shokishoki lenye hasira." Sasa ameondoa "kama" na tunda amelipa moyo wa binadamu: sitiari na tashihisi kwa pamoja, wala hakuna aliyemtajia majina hayo. Na kokwa lile? Mtoto wa nyumba zetu hatashindwa: linang'aa kama tende.

Majina ya tamathali mpe baadaye, akishakuwa nazo mkononi. Na usiogope tramu na ukungu kuingia katika Kiswahili chake. Ukungu wa asubuhi ukitanda "kama moshi wa udi sebuleni siku ya Idi", Ulaya na nyumbani zimekutana katika sentensi moja. Mtoto huyo hajaipoteza lugha.

Methali nazo zinataka njia hiyo hiyo. "Haba na haba hujaza kibaba" tunaisema kila siku, lakini mtoto wa Uccle hajawahi kuona kibaba. Kwake ni sauti tu. Chukua kikombe na mchele, mwache atie punje kwa vidole mpaka achoke. Hapo ataielewa methali, na siku moja ataitumia mahali pake bila kuambiwa.

Linabaki suala la sauti. Mtoto ana sauti yake akizungumza, ila akishika kalamu huigeuza ikawa ya mtu mzima anayehutubia. Dawa yake ni kumwandikia mtu anayemjua. Mpe tukio moja, kwa mfano tramu imemwacha kituoni, alieleze mara tatu. Kwa bibi: "Shikamoo Bibi. Leo tramu imeniacha nimesimama kama mgeni asiyekaribishwa." Kwa binamu yake: "We, tramu imenikimbia leo, nikabaki namezea mate!" Kwa mwalimu: "Naomba radhi kwa kuchelewa, nilikosa tramu." Zisome zote pamoja naye. Ataona mwenyewe kwamba mwalimu hahitaji tamathali, anahitaji sababu, na kwamba heshima kwa bibi haizuii mzaha. Kuchagua neno kwa kumtazama anayesoma ndiko kuwa na sauti.

Asiyeweza kuandika bado, mwache aseme kwanza. Arekodi ujumbe wa sauti wa WhatsApp kwa bibi, kisha ausikilize na kuuandika alivyousema, na "eti" zake na "basi" zake. Wengi hushangaa kuona walivyosema ni kuzuri kuliko walivyokuwa wakiandika.

Najua baadhi yenu mtauliza: na makosa je? Mtoto anaandika "kitabu yangu", anachomeka neno la Kifaransa katikati, tumwache? Hapana, asahihishwe. Lakini utaratibu una maana. Kwanza jibu alichokisema, ndipo urekebishe alivyokisema, na urekebishe kosa moja kwa siku. Akiandika "neige", mpe "theluji" mkononi kama unavyompa kijiko kilichodondoka, bila hotuba. Mtoto aliyeonyesha kitu alichokiona, akajibiwa kwa orodha ya makosa, mara nyingine ataandika "skuli ni nzuri" kwa sababu sentensi hiyo haina hatari.

Na nyinyi bibi na babu mlioko Ghuba, mna sehemu yenu. Mjukuu akikuletea shokishoki lenye hasira, "masha Allah, vizuri" haitoshi. Mjibu kwa kitu ulichokiona wewe siku ile: joto la mchana lilivyobana roshani, bahari ya Matrah ilivyolala, paka wa jirani alivyoingia jikoni. Muulize na swali moja ambalo hawezi kulijibu mpaka atoke nje akaangalie tena.