Kushika Mwiko

Dhana moja hainiishii masikioni: kwamba mwiko wa mila umetokana na mwiko wa kusongea ugali. Husimuliwa kwa uhakika kabisa kuwa mama wa zamani alimchapa kwa mwiko mtoto aliyekiuka desturi, na hapo neno likazaliwa. Si kweli. Haya ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu. Tazama Kichewa, ndugu wa Kiswahili katika ukoo wa Kibantu: katazo la mila ni *mwikho*, kifaa cha kusongea nsima, yaani ugali wao, ni *mthiko*. Ukiyaona maneno hayo mawili, hadithi ya mama na mwiko wake inakufa.

Dhana ya pili inaumiza watu. Inasema mwiko ni lazima uwe wa kutisha na usiwe na sababu. Ndiyo inayomnyima mjamzito mayai, eti mtoto atazaliwa hana nywele. Huo ni upuuzi, na anayemnyima mama yai anamdhulumu yeye na mtoto wake. Tena dhana hiyo inaliharibu neno. Katika Kiswahili cha zamani, kushika mwiko lilikuwa jambo la mgonjwa pia: aliyeambiwa aache chumvi au pilipili mpaka apone, naye akaacha. Katazo hilo lilikuwa na sababu na lilikuwa na muda. Mwenye kisukari anayejizuia soda harusini, wenzake wakinywa, anashika mwiko kwa maana kamili ya neno.

Sasa vitenzi tunavyoviandamanisha na miiko na mila. Navipima vinne: kufuata, kuzingatia, kushika na kuenzi. Kufuata kunataka njia iliyokwisha kuchorwa na mwingine. Kuzingatia ni kuliweka jambo akilini, na ripoti za ofisini zimekichosha kitenzi hicho bure. Kushika ni kwa mkono na kwa maisha: mtu hushika dini, Msabato huishika Sabato. Kipimo changu ni kuuliza kinyume chake. Kinachoshikwa huweza kuvunjwa au kuachwa, na aliyevunja hujulikana. Je, kinachoenziwa huvunjwaje? Hakivunjiki. Ndiyo maana kila hotuba ya tamasha siku hizi inaenzi mila: msemaji hajifungi kwa lolote.

Mfano ulio bora kuliko yote wa kitu kinachoshikwa na kuvunjwa ni Miiko ya Uongozi ya Azimio la Arusha, la 1967. TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara wakati huo, iliwawekea viongozi masharti. Yaliitwa miiko, na yalikuwa kama miiko ya mgonjwa: vitu vya kujizuia, vinavyotajika kimoja kimoja. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Asipokee mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Na ili asijifiche nyuma ya mwenzi wake, Azimio likaeleza kwamba kiongozi ni mtu pamoja na mkewe, au mke pamoja na mumewe. Jirani yeyote aliyemwona mpangaji akilipa kodi alijua kuwa mwiko umevunjwa. Hakuhitaji kamati ya kumfasiria.

Mwaka 1991, Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichorithi TANU, ilikutana Zanzibar na kuyalegeza masharti hayo: hisa, mshahara wa pili na nyumba ya kupangisha vikaruhusiwa. Mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka kiongozi atangaze mali na madeni yake. Kutangaza mali ni jambo jema, lakini si kujizuia nayo, na neno miiko lilikuwa limebeba kujizuia.

Kwa hiyo, msomaji, unapoandika kwamba watu fulani wanashika desturi yao, taja wanajinyima nini kwa ajili yake. Ukikosa cha kutaja, futa kushika.