Hodari kuliko nani? Neno dogo la Kiingereza lililomkosesha sajini kozi

Leo twawaletea habari ya neno moja dogo na hasara yake. Tulikuwa tumetoka chuo cha kadeti karibuni, nyota moja begani, siku ile kamanda wetu wa kombania alipomwita karani aandike taarifa ya mwaka ya sajini mmoja. Afande alisema kwa Kiswahili, kama ilivyo desturi kambini: "Sajini huyu si hodari kuliko wote katika kombania, lakini ni mtu wa kutegemewa na anafaa kwenda kozi." Karani akayageuza maneno hayo kwa Kiingereza, akaandika: "He is not better than anyone in the company." Karatasi ikatiwa sahihi, ikapanda juu. Huko ikasomwa kama ilivyoandikwa, yaani kwamba katika kombania nzima hapakuwa na hata mtu mmoja, hata kuruta aliyefika jana, ambaye sajini yule alimzidi. Jina lake likakatwa katika orodha ya kozi.

Hapo hakuna aliyesema uongo. Afande alikusudia kwamba wapo wawili watatu wanaomshinda sajini, na waliobaki wote yeye huwashinda. Karani naye alikuwa kijana mwenye bidii, tena aliyesoma. Kosa lilikuwa katika "anyone".

Wasomaji wetu wanaijua hali yetu ya lugha. Kiswahili kimekuwa lugha ya kambi tangu siku za King's African Rifles, jeshi la mkoloni lililoundwa mwaka 1902, na mwaka 2005 kikawekwa katika Katiba ya Uganda kuwa lugha rasmi ya pili. Taarifa na barua zetu, hata hivyo, bado zaandikwa zaidi kwa Kiingereza. Basi kila siku mmoja wetu husikia neno kwa lugha hii na kuliandika kwa lugha ile, na mara nyingi neno hilo ni la kumpima mtu kwa mwenzake: nani alikimbia zaidi, nani alikuwa mrefu zaidi, nani anastahili zaidi.

Kiswahili chetu hupima kwa urahisi. Sifa haibadiliki umbo. Twaongeza "kuliko" na kazi imekwisha. Mwingereza huibadilisha sifa yenyewe, kisha hutia "than". Hadi hapo askari wengi hufika salama. Hatari iko baada ya "than", pale yanapokuja maneno yanayomtaja mtu pasipo kumtambulisha: "anyone", "everyone", "someone", "no one", na ndugu zao.

Turudi kwa karani. Shuleni alifundishwa kwamba "He is better than anyone" maana yake ni "ni bora kuliko wote". Ni kweli. Mtu anayemzidi yeyote utakayemchagua, huyo amewazidi wote. Kwa hiyo "anyone" na "everyone" katika sentensi ya kukubali hufika mahali pamoja. Lakini tia "not", na njia zaachana. "He is not better than everyone" maana yake si kwamba amewazidi wote. Wapo wanaomshinda au kulingana naye. "He is not better than anyone" maana yake hamzidi hata mmoja. Afande alisema la kwanza, karani akaandika la pili. Kiswahili chenyewe kingeweza kumwonya, kwani "si hodari kuliko wote" na "si hodari kuliko yeyote" hayalingani masikioni. Ila alikuwa amekwisha kuyafunga maneno mawili ya Kiingereza katika fundo moja.

Mtengano huo huonekana pia mahali pa kusawazisha watu. Mkufunzi akiandika kuhusu kuruta wake, "He shoots as well as anyone in the platoon," amemsifu sana: hakuna katika platuni anayempita kwa shabaha. Akiandika "as well as everyone", amesema tu kwamba kuruta analingana na wenzake wote, nao wote ni sawa. Sifa imetoweka. Nasi twakiri kwamba tuliwahi kuliandika hili la pili tukidhani twamfanyia mtu hisani.

Lipo jambo jingine ambalo walimu wa Kiingereza hulipigia kelele, nalo ni la kumzidi mtu nafsi yake. "He is braver than anyone in his platoon." Lakini yeye mwenyewe yumo katika platuni ile! Awezaje kuwa shujaa kuliko yeye? Ndiyo sababu husisitizwa neno "else": "braver than anyone else in his platoon", au "than any other man in his platoon". Kwa kweli Waingereza wenyewe huliacha mara nyingi katika mazungumzo, na msikilizaji huelewa. Katika maandishi rasmi ni vema liwepo. Ila lisitiwe pasipo haja. Ziwa Victoria ni "larger than any other lake in Africa", kwa sababu nalo limo Afrika; lakini ni "larger than any lake in Europe", bila "other", kwa sababu Ulaya halimo. Vivyo hivyo kilele cha Margherita katika Rwenzori, chenye mita 5,109: kwa milima ya Uganda chahitaji "other", kwa milima ya Alps hakihitaji.

Wakubwa nao huteleza. Mshairi John Milton, katika Paradise Lost iliyotoka mwaka 1667, alimwita Hawa mzuri kuliko wote miongoni mwa binti zake, kana kwamba mama alikuwa mmoja wa watoto aliowazaa. Wanasarufi wamemtaja kwa kosa hilo miaka mingi, naye angali Milton. Karani wa kombania hana bahati hiyo.

Sasa tugeuke kwa ndugu zetu polisi, kwa maana kwao neno hufika mahakamani. Tuseme shahidi ameeleza, na askari ameandika: "The deceased feared the accused more than anyone." Soma tena polepole. Je, marehemu hakuwa na mtu aliyemwogopa zaidi ya mshtakiwa? Au watu wengi walimwogopa mshtakiwa, na marehemu aliwazidi wote kwa woga? Maana ya kwanza yaonyesha uadui wa watu wawili. Ya pili yasema mshtakiwa alikuwa tishio la kijiji kizima. Hayo ni mambo mbalimbali kabisa, na wakili wa utetezi hatakosa kuuliza ni lipi. La kusikitisha ni kwamba Kiswahili hakituokoi hapa: "marehemu alimwogopa mshtakiwa kuliko mtu yeyote" ina mlango uleule wenye pande mbili. Dawa ni kumuuliza shahidi palepale, kabla wino haujakauka, kisha kuandika tendo kwa ukamilifu. Ikiwa ni maana ya kwanza: "more than he feared anyone else". Ikiwa ni ya pili: "more than anyone else did". Maneno mawili matatu ya ziada hayajazi ukurasa.

Kuhusu "some" tutapita haraka. "He is older than some of the men" ni kusema amewazidi baadhi, basi. Haisemi ni mzee. Shahidi akisema mwizi alikuwa "taller than some", hajatupa urefu wa mwizi.

Lakini "no one" na "nothing" zataka uangalifu. "No one in the section is faster than he is" ni sifa, ingawa huenda yuko mwenzake anayelingana naye. Igeuze: "He is faster than no one in the section." Sasa hamzidi yeyote, yuko mkiani. Maneno karibu ni yaleyale, ila kiti cha mbele kimekuwa cha nyuma. Tulipokuwa kadeti tulikuwa tukitaniana hivi: "Nothing is better than peace. A torn blanket is better than nothing." Basi, tukasema, blanketi lililopasuka ni bora kuliko amani! Jaribu kufanya utani huo kwa Kiswahili, hautafanyika. "Hakuna kitu bora kuliko amani, blanketi lililopasuka ni afadhali kuliko kukosa." Ujanja umekufa. Sababu ni kwamba Kiswahili hakina jina la mtu asiyekuwapo; ukanushi wetu hukaa katika "hakuna" na katika kitenzi. Mwingereza yeye huutia ukanushi ndani ya jina lenyewe, akalisimamisha "no one" kama askari kwenye gwaride, na mgeni wa lugha hulihesabu miongoni mwa watu.

Na yule sajini? Mwaka uliofuata taarifa yake iliandikwa upya. Safari hii afande alimtaka karani amsomee sentensi ya Kiingereza, kisha aigeuze tena kwa Kiswahili bila kutazama ile ya kwanza. Walifuta mara mbili. Mwishowe ilisomeka: "He is better than most of the sergeants in this battalion." Sajini alikwenda kozi, akiwa amechelewa mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Karani naye alikata kipande cha karatasi akakibandika kando ya kioo cha kompyuta yake. Kilikuwa na maneno matatu tu: "Anyone? Everyone? Else?"