Mashua za Mbio za Alumini na Maumbo Yake

Hapana mtu kwetu asiyeijua alumini. Ndiyo madini ya sufuria zetu: meupe, mepesi, hupigwa nyundo yakakunjika yasivunjike, na yakiachwa uani wakati wa masika hayashiki kutu kama chuma. Jioni hii nataka kuwaeleza habari za madini hayo katika kazi nyingine kabisa, yaani kuunda mashua za mtambo za kushindana mbio; wala si mbio za ghubani penye maji matulivu, bali za nje, katika bahari kuu, penye mawimbi. Mashua hizo zilistawi sana Marekani, Uingereza na Italia tangu miaka ya 1960 hata mwisho wa karne ile. Mtu akizitazama zimepangwa gatini hustaajabu kwa kuwa hazifanani. Moja ina tumbo lililochongoka kama kisu, nyingine ina matumbo mawili, nyingine tena ni ndefu na nyembamba mno. Zote ni za madini yale yale, na zote zimekusudiwa kazi moja. Kwa nini basi zimetofautiana?

Na tuanze na madini yenyewe. Ukipima kipande cha chuma na kipande cha alumini kilicho sawa nacho kwa ukubwa, utaona alumini ina karibu theluthi moja tu ya uzito wa chuma. Kwa mashua ya mbio jambo hilo ni kubwa, maana kila ratli iliyopunguzwa katika mwili wa chombo ni ratli isiyosukumwa na injini. Alumini tupu ni laini mno kwa kazi hii, kwa hiyo huchanganywa na madini mengine, hasa magnesiamu, ipate nguvu na kustahimili maji ya chumvi.

Lakini wepesi si sababu ya pekee. Ziko mashua nyingine zilizofanywa kwa nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa utomvu mgumu, nazo ni nyepesi vilevile. Mashua ya namna hiyo hufanywa katika kalibu, kama tofali lifyatuliwavyo katika kibao chake. Kalibu ni ghali kutengeneza, na mwenye kiwanda akisha kuwa nayo hutaka kutoa mashua nyingi zilizo sawasawa ili fedha zake zirudi. Fundi wa alumini hahitaji kalibu. Husimamisha mataruma, hukata mabamba, huyakunja, huyaunga kwa moto wa umeme, na mashua ikapatikana. Mtu akitaka ya pili iwe ndefu zaidi kwa futi mbili, au tumbo lake lichongoke zaidi, fundi hubadili mchoro tu. Basi ndiyo maana wenye fedha waliotaka chombo kimoja kisicho na ndugu walikwenda kwa fundi wa alumini. Na ndiyo maana mashua hizi zina sura nyingi.

Sasa tuje kwenye maumbo. Mashua ikienda polepole hukaa ndani ya maji na kuyasukuma kando. Ikienda kwa kasi sana huinuka, ikapita juu ya maji kwa kuparaza. Kwa kuparaza hakuna tumbo linaloshinda tumbo bapa, maadamu bahari ni shwari. Lakini penye mawimbi mashua huruka na kuanguka, na hapo ubapa huwa msiba. Yeyote aweza kujaribu jambo hili katika karai la maji: apige maji kwa kiganja kilichokunjuliwa, kisha ayapige kwa ukingo wa mkono. Mara ya kwanza mkono utamwasha. Mara ya pili utazama bila kishindo. Mabaharia wa mashua bapa waliumia migongo na magoti, na mabamba ya mashua zao yalipasuka.

Mchoraji wa Kimarekani aliyeitwa C. Raymond Hunt ndiye aliyepata dawa. Zamani hizo mashua nyingi zilichongoka upande wa omo tu, kisha tumbo likawa bapa kuelekea tezi. Hunt alilichonga tumbo lote mfano wa herufi V, tangu omo hata tezi, pande zake zikipanda kwa digrii 24 hivi. Mashua ya mbao ya namna hiyo, jina lake Moppie, mali ya Richard Bertram, ilishinda mwaka 1960 mashindano ya kutoka Miami mpaka Nassau katika bahari iliyochafuka, kwa muda wa saa 8 hivi. Tangu siku hiyo V ikaigwa kila mahali, na mafundi wa alumini waliipenda kwa sababu bamba lililonyoka hukubali kukunjwa hivyo bila taabu.

Walakini V nayo ina gharama yake. Huzama zaidi, hivyo hutaka injini zenye nguvu zaidi. Na ikisimama huyumba kama mlevi. Ili kuisaidia kuinuka, wachoraji walibandika chini yake vipande vyembamba virefu, kutoka omo kwenda tezi, vinavyoyarudisha maji chini badala ya kuyaacha yapande ubavuni. Wengine waliweka tangi katika omo, wakalijaza maji ya bahari wakati wa mawimbi ili omo isiruke, na kuyamwaga bahari ikitulia. Nusu ya tofauti za mashua hizi haionekani kwa nje. Imo katika mahali palipowekwa injini, mafuta na tangi hilo.

Umbo la pili ni la matumbo mawili. Ngalawa yetu ina mtumbwi mmoja, na matengo yake ya ubavuni ni ya kuizuia isipinduke tu. Mashua ninayoisema ina matumbo mawili yaliyo sawa, yameunganishwa juu kwa sitaha, na katikati upo uwazi kama kichochoro. Nchini Uingereza James Beard na Clive Curtis walijenga mashua za namna hii katika kiwanda chao cha Cougar, kwanza kwa mbao, baadaye kwa alumini. Mashua ikikimbia, hewa huingia katika kichochoro kile, ikabanwa, ikaibeba mashua. Kwa hiyo chombo hugusa maji kidogo mno, na kwa nguvu ile ile ya injini hukimbia kupita V. Hewa hiyo hiyo ndiyo hatari yake: omo ikiinuka kupita kiasi, upepo huingia chini yake na kuipindua kwa nyuma.

Iko na shida ya pili, isiyoonekana upesi. Fikirini watu wawili waliobeba kitanda kichwani, wakienda sambamba, mmoja akaingia katika shimo. Kitanda hupindika. Ndivyo sitaha ya mashua ya matumbo mawili ipindwavyo kila mara tumbo moja likipanda wimbi na la pili likishuka, mara elfu nyingi kwa siku moja. Sasa chukueni ushikio wa sufuria kuukuu, mkaukunja huku na huku: haukatiki mara ya kwanza, wala ya tano, lakini utakatika. Alumini huchoka. Na mahali pa kwanza pa kuchoka mara nyingi ni penye maungo, kwa maana moto wa kuungia huilainisha alumini iliyo kando yake.

Mabishano ya V na matumbo mawili yalikuwa makali, na mwaka 1985 yalipelekwa mahali pakubwa kuliko mashindano yote. Sifa ya kuvuka Atlantiki upesi kuliko vyombo vyote ilikuwa ya meli kubwa ya abiria ya Kimarekani, United States, iliyovuka mwaka 1952 kwa siku 3, saa 10 na dakika 40. Meli hiyo yenyewe ilipata wepesi kwa kuwa vyumba vyake vya juu vilikuwa vya alumini. Mfanyabiashara Richard Branson wa Uingereza akataka kuishinda kwa mashua ndogo. Cougar wakamjengea Virgin Atlantic Challenger, mashua ya alumini ya matumbo mawili, urefu wake futi 65. Mwezi wa Agosti waliondoka New York, wakakimbia siku tatu. Walipokuwa wamebakiza maili zisizofika 150 na saa chache tu, mashua ikagonga kitu kilichokuwa kikielea, ikatoboka, ikazama. Mabaharia waliingia katika vyombo vya kujiokolea, wakachukuliwa na meli ya ndizi, jina lake Geest Bay. Wote walipona.

Watu wengi walisema palepale kwamba matumbo mawili hayafai kwa bahari kuu. Kwa maoni yangu hukumu hiyo haikuwa ya haki, maana gogo linaloelea halichagui umbo la kutoboa. Lakini Branson hakutaka kujaribu tena vivyo hivyo. Mara ya pili umbo lilichorwa na Sonny Levi, aliyezaliwa Karachi mwaka 1926, ambaye mashua yake A Speranziella ilikuwa imeshinda mbio za Cowes na Torquay mwaka 1963. Levi alirudi kwenye V: tumbo moja refu, futi 72, alumini tupu, injini mbili za dizeli zenye nguvu za farasi 2,000 kila moja. Katika maji shwari mashua ya matumbo mawili yenye nguvu hizo ingeliishinda. Alichokinunua Levi kwa hasara hiyo ni uwezo wa kushika mwendo ule ule usiku na mchana katika mawimbi.

Iliondoka mwezi wa Juni 1986. Mara tatu ilijaza mafuta baharini, na mara ya pili mafuta yalikuwa yamechanganyika na maji. Injini zikakohoa na kuzimika, machujio yakaziba, saa kadha wa kadha zikapotea, na ndege ya Uingereza ikawadondoshea machujio mapya. Wakafika kwenye mnara wa taa wa Bishop Rock kwa siku 3, saa 8 na dakika 31. Waliishinda ile meli kubwa kwa saa 2 na dakika 9. Hata hivyo walinzi wa kikombe cha Hales walikataa kukitoa, wakisema kile si chombo cha abiria.

Mwaka 1989 Gentry Eagle, chombo cha Mmarekani Tom Gentry, cha alumini na V tena, lakini cha futi 110, kilivuka kwa saa 62 na dakika 7. Ingelionekana kwamba mabishano yamekwisha. Kumbe mwaka 1990 chombo cha alumini cha matumbo mawili, Hoverspeed Great Britain, kilichojengwa na kiwanda cha Incat huko Hobart, kisiwa cha Tasmania, kilivuka kwa siku 3, saa 7 na dakika 54, bila kujaza mafuta njiani, kikapewa kikombe chenyewe. Urefu wake ulikuwa mita 74, na matumbo yake membamba yalipasua mawimbi badala ya kuyapanda. Kwa urefu huo wimbi lililoirusha mashua ya futi 65 halikuwa kitu, na sitaha ilikuwa juu mno kupigwa na maji. Umbo lililodharauliwa lilikuwa limengoja ukubwa wake.

Hobart huko huko ndiko zilikojengwa baadhi ya meli za kasi za Kilimanjaro ziendazo baina ya Dar es Salaam na Unguja. Nazo ni za alumini. Abiria asimamaye gatini Malindi meli ikija, akiitazama kwa mbele, ataona mwanga wa bahari ukipita katikati ya matumbo yake mawili.